Sentimita Ishirini na Sita

Hilkka amejibu: "Sawa."
Neno moja na nukta.
Nukta hiyo nimeikodolea macho tangu saa mbili asubuhi
mpaka kahawa imefanya utando.

Punje ya haradali ni kubwa kuliko hiyo.
Lakini tumbo limeshaanguka ghorofa tatu,
viganja vimelowa, masikio yanawaka,
na mkono wa kulia unaandika wenyewe:
*Usijali, Jumamosi sitakuja. Najua una watu wako.*
Ufundi wangu wa zamani,
kufunga mlango kabla sijafungiwa.

Hapa Kajaani watu hawasemi sana.
Dereva wa basi huitikia kwa kidevu.
Taisto wa mlango wa pili, mwaka wa sita huu,
hajaniuliza jina,
na kila theluji ikianguka
naikuta ngazi yangu imefagiliwa.
Kwao kimya ni blanketi.
Kwetu kilikuwa kiboko.

Mama hakupiga, niseme haki.
Mama alinyamaza.
Nilivunja kikombe cha bluu nikiwa na miaka saba,
akanyamaza siku kumi na moja.
Sahani yangu iliwekwa mezani. Soksi zangu zilifuliwa.
Macho yake yalinipenya
kama mtu anayetazama mti kupitia dirishani.
Siku ya tisa nilijifinya mbele ya kioo
nione kama bado nipo.
Siku ya kumi na mbili akasema, "Nipitishie chumvi,"
nikalia kwa furaha.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma:
kijiko kinavyogusa sahani,
ufunguo unavyozunguka,
pumzi puani kabla ya neno.
Kisomo hicho kiliniokoa, sikikani.
Ila sasa nina arobaini na mbili
na bado nasoma hata karatasi tupu.
Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo;
mimi hushtuka hata pale pasipo na ung'ongo,
nikajiuliza nani ameuondoa, na kwa nini.

Orvokki wa kliniki hakuniahidi kupona.
Aliuliza tu: "Hofu hiyo ina miaka mingapi?"
Nikasema, saba.
"Basi kwa nini unampa simu?"
Nilikasirika wiki nzima. Niliapa kwamba amenichoka.
Nikafuta miadi.
Nikarudi.

Leo simu nimeiacha juu ya friji,
nikachukua keekee nikashuka ziwani.
Barafu ikinenepa hulia.
Mlio hutoka ng'ambo, ukapita chini ya nyayo
kama shuka linalochanwa kwa hasira,
na sikio linaapa: inapasuka!
Sikio limesema kweli kuhusu mlio.
Habari yenyewe imelipita.

Nikapiga magoti, nikatoboa, nikashusha kipimo.
Sentimita ishirini na sita.
Gari dogo lingepita hapa.
Ikalia tena, nami nikashtuka tena,
vilevile, goti likicheza,
na nikabaki pale nikisema kwa sauti
kama mwendawazimu: ishirini na sita,
ishirini na sita.

Nimerudi saa tisa alasiri, giza limeshaingia.
Ule ujumbe ulikuwa bado unangoja kutumwa.
Nimeufuta herufi kwa herufi.
Nimeandika, vidole vikiwa na ganzi:
"Hilkka, ile 'Sawa' yako, umekasirika?"

Swali tu. Watu huuliza kila siku
wakimenya viazi.
Mimi nimelishika kama kikombe cha bluu,
kwa mikono miwili.

Nukta tatu zinacheza kwenye skrini.
Zinazimika.
Zinawaka.

Yule wa miaka saba amesimama mlangoni,
soksi safi, pumzi ameibana.
Nimemwambia: kaa.
Nikampitishia chumvi
kabla hajaomba.